Kiruna inahama: nani aliamua, nani analipa, na nani hana pa kwenda

Tarehe 19 Agosti 2025, kanisa la mbao lenye uzito wa tani 672 liling'oka mahali lilipokaa tangu 1912 na kuanza safari ya kilomita 5. Halikuvunjwa vipande. Lilibebwa zima zima, picha ya altareni na kinanda chake cha mabomba vikiwa ndani, juu ya matrela yenye magurudumu mengi yanayoongozwa kwa rimoti, kwa mwendo usiozidi kilomita 1.5 kwa saa. Barabara ilikuwa imepanuliwa kutoka mita 9 hadi 24 ili lipite. Kesho yake likafika. Mfalme Carl XVI Gustaf alikuwapo, televisheni ya umma ya Uswidi ilirusha safari nzima moja kwa moja, na hapa Dar es Salaam vipande vya video vikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na maelezo yale yale chini yake: wenzetu wako mbali. Wengine wakaongeza kuwa mji mzima umebebwa hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba.

Hilo la mwisho si kweli. Mji wa Kiruna unahama kweli, ila sehemu kubwa ya nyumba zake zinapigwa buldoza tu, kama zilivyopigwa za Kimara mwaka 2017 barabara ya Morogoro ilipotanuliwa. Kanisa ni sherehe. Kazi yenyewe ni kuamua nani aondoke, alipwe nini na aende wapi, na hiyo imekula zaidi ya miaka 20 na bado haijaisha. Ukiifuatilia unakutana na maswali ambayo mtu yeyote aliyewahi kuamka akakuta alama ya X nyekundu ukutani kwake anayajua tayari. Ndiyo maana nimeona nilifafanue hili taratibu, kuanzia chini ardhini.

Chuma kimelala mshazari

Kiruna iko kaskazini kabisa mwa Uswidi, kilomita kama 145 kuvuka mstari wa Aktiki. Desemba jua halichomozi kwa wiki kama tatu, Juni halizami. Halmashauri yake ina eneo la kilomita za mraba 20,000 hivi, zaidi ya mara 10 ya mkoa wetu wa Dar es Salaam, lakini watu wake hawafiki 23,000. Kuna kata za Temeke zenye watu kuwazidi.

Mji ulianzishwa mwaka 1900 kwa sababu moja tu: mlima Kiirunavaara ulikuwa umejaa chuma. Habari za chuma hicho zilijulikana zamani, ila kilikuwa na fosforasi nyingi, na chuma chenye fosforasi huwa hafifu, kinakatika. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Mwingereza Sidney Gilchrist Thomas na binamu yake wakapata njia ya kuiondoa fosforasi hiyo ndani ya tanuri, na mlima ambao haukuwa na faida ukawa mali. Kampuni ya LKAB iliundwa mwaka 1890. Reli ya kuupeleka mzigo Narvik, bandari ya Norwei ambayo maji yake hayagandi hata wakati wa baridi kali, ikakamilika 1902. Meneja wa kwanza, Hjalmar Lundbohm, alikuwa mjiolojia aliyetaka mji wa kupigiwa mfano badala ya vibanda vya wachimbaji, kwa hiyo akaleta wasanifu, na mmoja wao, Gustaf Wickman, ndiye aliyechora lile kanisa. Kwa maneno mengine, kampuni ndiyo iliyouzaa mji. Bila mgodi hapo pangekuwa na theluji na miti ya mibetula, na Wasami, wenyeji wa asili wa huko, na mifugo yao, ambao walikuwapo kabla ya wote.

Sasa tuje kwenye tatizo, ambalo kwa kweli ni la jiometri. Chuma cha Kiruna ni bamba moja kubwa la magnetiti, yaani jiwe lenye chuma kingi, lenye urefu wa kilomita 4 hivi na unene wa mita 80 hadi 120, linalozama ardhini kilomita 2 au zaidi. Kama bamba hilo lingesimama wima, mji ungebaki pale pale hadi leo. Limelala mshazari, kwa nyuzi kama 60, na upande linaozamia ndio upande wa mji. Hesabu yake ni nyepesi: kila ukishuka mita 100, chuma kinasogea karibu mita 58 kuelekea chini ya nyumba za watu.

Mwanzoni walichimba juu, kwa shimo la wazi, wakaukata mlima hadi kilele kikatoweka. Kufikia miaka ya 1960 wakawa wameingia chini kabisa. Namna wanavyochimba ndiyo inayoeleza kila kitu. Wanachonga mahandaki ndani ya bamba, ngazi juu ya ngazi. Kutoka kila handaki wanatoboa matundu ya kuelekea juu, wanayajaza baruti na kulipua usiku, mnamo saa 7 na nusu, watu wakiwa wamelala. Asubuhi mashine zinazoa mawe yaliyoanguka, zinayamwaga kwenye mashimo yanayoyashusha hadi njia kuu chini, treni inayapeleka kwenye kisagio, kisha yanapandishwa juu. Pengo lililobaki halijazwi na mtu. Chukua gunia la mchele lililosimama, litoboe chini, uanze kuchota: mchele wa juu utashuka wenyewe na katikati ya mdomo wa gunia patatokea bonde. Mwamba ulio juu ya chuma cha Kiruna, yaani ule wa upande wa mji, unashuka vivyo hivyo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani ardhi ya Kiruna inatitia kwa bahati mbaya, au kwa uzembe wa wahandisi. Kutitia huko kumepangwa. Njia hii ya uchimbaji inataka mwamba wa juu uporomoke, na usipoporomoka ndipo hatari inapozidi, maana pengo kubwa linalobaki limeshikiliwa juu linaweza kuanguka kwa mkupuo. Nyufa zinazofika juu ya ardhi zinapimwa, zinachorewa ramani, na wahandisi wanaweza kukuambia miaka kadhaa kabla mstari wa nyufa utagusa mtaa gani. Kwa hiyo Kiruna haikuwa siri. Mwaka 2004 LKAB iliiandikia halmashauri kwamba katikati ya mji itabidi paondoke. Mwaka 2008 ikaamua kujenga njia kuu mpya katika kina cha mita 1,365, iliyozinduliwa 2013. Namba hiyo, kwa taarifa yako, huhesabiwa kuanzia kilele cha zamani cha mlima, ambacho hakipo tena.

Mara moja moja ardhi hukumbusha. Tarehe 18 Mei 2020, baada ya saa 9 usiku, mgodi ulitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 4.9, kubwa kuliko lolote lililowahi kusababishwa na uchimbaji nchini Uswidi.

Kwa nini wasijaze mashimo?

Swali hili liliulizwa sana hapa, na ni swali zuri, hasa kwa sababu sisi tunao mgodi unaojaza. Bulyanhulu, kule Kahama, wanarudisha mabaki ya kinu yakiwa uji mzito uliochanganywa na saruji, unaganda ndani ya pengo, halafu wanaendelea kuchimba pembeni. Lakini Bulyanhulu wanatafuta dhahabu. Dhahabu hupimwa kwa gramu ndani ya tani ya mwamba, na gramu hizo chache zinaweza kulipa gharama ya kujaza. Kiruna zaidi ya nusu ya jiwe lenyewe ni chuma, bei ya tani moja ni ndogo, na faida hutokana na wingi. Ukisema ujaze kila pengo ulilotoa mamilioni ya tani kwa mwaka, kwanza huna cha kujazia, kwa sababu karibu kila ulichokitoa umekipakia kwenye treni. Pili, gharama inaweza kuufunga mgodi.

Na mgodi ukifungwa, mji unakufa kwa njia nyingine. Hapa ndipo ninapoona uamuzi wa Kiruna haukuwa uamuzi hasa. Mchimbaji, mwalimu anayefundisha watoto wa mchimbaji, mama anayeuza kahawa karibu na kituo: wote mshahara wao unatoka shimo lile lile linalowahamisha. Unapoulizwa uchague kati ya kuhama nyumba na kukosa kazi, kura yako inajulikana kabla hujaipiga. Watu wa Kiruna hawakufanya maandamano makubwa ya kupinga kuhama. Walichobishania, na wanachobishania hadi leo, ni masharti.

Hesabu ya fidia

Sheria ya Madini ya Uswidi, ya mwaka 1991, inasema anayechimba ndiye anayelipa uharibifu. Mwenye nyumba Kiruna amekuwa na njia mbili: kulipwa bei ya soko ya nyumba yake pamoja na asilimia 25 juu yake, au kupewa nyumba nyingine badala ya ile. LKAB imekadiria kulipa krona bilioni 22.5 kwa miaka 10 ijayo. Kuhamisha kanisa pekee kuligharimu krona milioni 500 hivi, yaani zaidi ya shilingi bilioni 100 za kwetu. Anayelipa ni kampuni, sawa, lakini kampuni yenyewe ni mali ya serikali kwa asilimia 100. Mwenye mgodi, mtunga sheria na mtoa vibali wote wanakaa meza moja kule Stockholm.

Linganisha na karatasi zetu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinaitaja moja moja: thamani ya ardhi na maendelezo yaliyo juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara. Sheria ya uthamini ya 2016 ikaongeza kwamba malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Ukiiweka karatasi hii pembeni ya ile ya Kiruna, yetu ndiyo yenye mafungu mengi zaidi. Sisemi hivyo kwa kejeli. Orodha ile iliandikwa na watu waliojua mtu akihamishwa anapoteza nini.

Tofauti iko katika mpangilio wa matukio. Dar es Salaam mwenye nyumba anaitwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mthamini anakuja na msaidizi wake, wanahesabu vyumba, wanapima ukuta wa uzio, wanaandika mwembe na minazi miwili, halafu unapigwa picha ukiwa umesimama mbele ya nyumba yako umeshika kibao chenye namba. Baada ya hapo unasubiri. Hutakiwi kuongeza chumba wala kupaka bati rangi, maana tathmini imeshafungwa. Hundi ikija, unatafuta kiwanja Chanika au Mbopo, unaanza msingi, na kodi ya miezi 36 ndiyo inayokuhifadhi nyumba ya kupanga huku tofali zikipanda polepole. Fidia yetu, hata ikilipwa yote na kwa wakati, inakupa fedha. Mtaa ujitafutie mwenyewe.

Kiruna walianza na mtaa. Halmashauri ilifanya shindano la kuchora mji mpya, na mwaka 2013 likashinda kundi lililoongozwa na ofisi ya White Arkitekter. Mabomba, umeme na barabara vikatangulia, kilomita 3 mashariki ya mji wa zamani. Jengo jipya la halmashauri, linaloitwa Kristallen, likafunguliwa 2018. Maduka, hoteli na maktaba vikafuata, na katikati mpya ya mji ikazinduliwa Septemba 2022. Mtu alitoka kwenye nyumba iliyosimama akaingia kwenye nyumba iliyosimama. Kama kuna kitu cha kuiga kutoka kule, mimi ningechagua huo utaratibu kabla ya matrela ya rimoti.

Na tusijidharau sana, tumewahi kujaribu kitu cha jamaa hiyo. Wapangaji wa Magomeni Kota waliondolewa, nyumba zikavunjwa, na kaya 644 zikaahidiwa kurudi kwenye maghorofa mapya. Walirudi mwaka 2022. Ila huko katikati ilipita karibu miaka 10 ya kupanga huku na kule, na wapo wazee ambao kurejea hawakukuwahi. Nyumba zilijengwa, hilo lazima lisemwe, lakini zilijengwa baada ya kuvunja.

Wanaoumia kwa utaratibu mzuri

Pamoja na mpangilio huo, Kiruna ina watu wenye kinyongo, na malalamiko yao yana mantiki.

Wa kwanza ni wenye nyumba kuukuu. Bei ya soko katika mji mdogo wa mbali huwa ya chini, hasa kwa nyumba ya mbao ya miaka ya 1950 au 1960. Ongeza asilimia 25, bado fedha hiyo haijengi nyumba mpya mahali ambapo kila msumari umesafiri mbali kufika na msimu wa ujenzi ni mfupi. Ndiyo maana nyumba mbadala ilikuwa na thamani zaidi ya hundi. Kwa wapangaji, ambao ni wengi kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa za kampuni au za shirika la halmashauri, hesabu ni nyingine kabisa. Mpangaji hana bei ya soko ya kuongezewa chochote. Anapewa nyumba mpya, nzuri, yenye kuta nene na madirisha ya kisasa, na kodi yake inapanda kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye duka vilevile: fremu mpya katika jengo jipya ina kodi ya jengo jipya, na wateja wake ni wale wale.

Halafu kuna baridi. Mji wa zamani ulipangwa na Per Olof Hallman kwenye mteremko unaotazama kusini, mitaa ikipindapinda kwa makusudi ili upepo usipate njia ya moja kwa moja. Mji mpya uko chini, kwenye eneo kama bonde, na mitaa yake imenyooka zaidi. Hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama. Watafiti wa Uswidi wameeleza kuwa katika siku za baridi kali za kipupwe tofauti kati ya mahali hapo pawili inaweza kufika nyuzi 10. Sijui nani alisaini mchoro huo, lakini mtu wa Jangwani atakwambia bure kwamba bonde ni bonde, liwe la maji au la baridi.

Kuhusu majengo, tuweke hesabu sawa. Yaliyochukuliwa kuwa ya kihistoria na kuhamishwa, au kupangiwa kuhamishwa, ni 20 na ushee tu. Nyumba aliyoishi Lundbohm ilisogezwa 2017, na zipo nyumba chache za mbao za wafanyakazi wa mwanzo. Jengo la zamani la halmashauri lilikamilika 1963, mwaka uliofuata likapata tuzo kuu ya usanifu ya Uswidi, na wakazi walikuwa wakiliita sebule ya mji kwa sababu mtu aliruhusiwa kuingia kuota joto. Lilivunjwa 2019. Kilichookolewa ni mnara wake wa saa, ambao sasa umesimama mbele ya Kristallen. Kituo cha reli, ambacho ndicho kilichokuwa kinampokea kila mgeni, kilifungwa 2013 na treni zikahamishiwa kituo cha muda nje ya mji. Kwa nini kanisa likahama na jengo la halmashauri likavunjwa? Kanisa ni la mbao, mbao ni nyepesi na inavumilia kutikisika. Jengo la halmashauri lilikuwa la tofali na zege. Kuna na sababu nyingine ambayo haisemwi kwa sauti: kanisa lilikuwa limepigiwa kura mwaka 2001 kuwa jengo zuri kuliko yote ya zamani nchini, na kampuni inayobomoa mji inahitaji angalau kitu kimoja ambacho watu watakuja kukitazama wakipiga makofi.

Ardhi ipo, nafasi haipo

Tarehe 28 Agosti 2025, siku chache baada ya kanisa kufika, LKAB ikatoa tangazo jingine. Vipimo vipya vilionyesha nyufa zitakwenda mbali kuliko ilivyotarajiwa. Nyumba 2,700 zaidi na watu kama 6,000 nao itabidi wahame, taratibu, kwa miaka ijayo. Wengi wao walikuwa wameambiwa zamani kwamba wao wako salama. Na katika kundi hilo wamo waliokwisha kuhama mara moja.

Swali la haraka la mtu wa Dar ni: kilomita za mraba 20,000, watu 23,000, shida ya viwanja inatoka wapi? Inatoka kwenye ramani ya maslahi ya taifa. Nchini Uswidi serikali inaweza kutangaza eneo kuwa na maslahi ya taifa kwa ajili ya madini, au ulinzi, au hifadhi ya mazingira, au ufugaji wa kulungu wa Aktiki, na halmashauri haiwezi kujenga humo kirahisi. Kiruna imefunikwa na matangazo hayo, mara nyingine moja juu ya jingine. Ardhi kubwa ni ya serikali. Mji unazungukwa na nafasi tupu ambayo hauruhusiwi kuigusa.

Kuna na suala la kodi, ambalo huku kwetu lingezua bunge zima. Halmashauri za Uswidi huishi kwa kodi ya mapato ya wakazi wake. Kodi ya kampuni inakwenda serikali kuu, na gawio la LKAB vilevile. Mchimbaji anayeruka kwa ndege Jumatatu na kurudi kwao kusini Ijumaa analipa kodi huko anakoishi. Kiruna inabaki na mashimo. Kwetu halmashauri yenye mgodi inadai ushuru wa huduma kutokana na mapato ghafi, na kampuni inatakiwa kila mwaka kukubaliana nayo mpango wa kuchangia jamii. Waulize madiwani wa Geita watakwambia matatizo ya fedha hizo, lakini angalau mlango wa kuzidai upo. Diwani wa Kiruna hana mlango huo. Anachoweza ni kuomba, na mgodi wake ndio unaotoa karibu asilimia 80 ya chuma chote kinachochimbwa ndani ya Umoja wa Ulaya, ukijumlisha na migodi mingine ya LKAB.

Wasami ndio wa mwisho katika foleni, kama kawaida. Hawalipwi kwa nyumba, kwa sababu wanachopoteza ni njia. Kulungu wa Aktiki hushinda kiangazi milimani upande wa magharibi na kipupwe kwenye misitu ya mashariki, na kila mwaka hupita kwenye ukanda ule ule. Mgodi, reli, barabara kuu na sasa mji mpya vimeubana. Jumuiya mbili za wafugaji, Gabna na Laevas, zinapitisha mifugo yao katika eneo hili, na kwa Gabna kilichobaki ni kipande chembamba upande wa kaskazini.

Katika kipande hicho hicho kuna bamba jingine la chuma, linaloitwa Per Geijer. Januari 2023 LKAB ilitangaza kuwa ndani yake mna zaidi ya tani milioni 1 za oksidi za madini adimu, yale ya jamii ya yaliyoko Ngualla mkoani Songwe, yanayotumika kutengeneza sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Wakati huo ilitajwa kuwa hazina kubwa kuliko yoyote ya aina hiyo inayojulikana Ulaya. Ulaya kwa sasa inanunua karibu yote kutoka China na haipendi, kwa hiyo Machi 2025 Tume ya Ulaya iliuweka mradi huo kwenye orodha ya miradi ya kimkakati, jambo linalotakiwa kuharakisha vibali. LKAB imesema ingechukua miaka 10 hadi 15 kabla ya madini hayo kufika sokoni. Kabla ya hapo inahitaji kibali cha uchimbaji na uamuzi wa mahakama ya mazingira, na Gabna wameshasema hadharani kwamba wanaupinga.